Windows 11 inaomba nywila kila ukifungua folda ya kushea, na ukiiandika inaikataa

#1 bandari_ndogo

Wakuu salaam. Naomba mnisaidie kabla sijaamua kupiga Windows upya.

Mazingira: ofisi ya watu saba, swichi moja, ruta moja, workgroup tu (kila kompyuta inatunza akaunti zake), hakuna domeni (seva inayosimamia akaunti za wote). Folda inaitwa Hesabu na ipo kwenye kompyuta OFISI-PC1, Windows 10 Pro, IP 192.168.1.20. Kompyuta za zamani, zote Windows 10, zinaingia bila kuulizwa kitu. Zimeongezwa laptop tatu zenye Windows 11 Pro 24H2 (toleo la nusu ya pili ya 2024) na kila moja ina lake.

Laptop A inaleta kisanduku cha jina na nywila. Ukiweka PIN ya mwenye laptop, au nywila yake, kinarudi kile kile na maandishi mekundu chini.

Laptop B haiombi chochote. Inasema sera za usalama za taasisi zinazuia kuingia kama mgeni. Taasisi gani, wakati hii ni ofisi ya watu saba?

Laptop C ilikuwa inaingia vizuri kabisa, sasa nayo imeanza kuomba nywila. Hakuna aliyebadilisha kitu.

Kwenye OFISI-PC1 ulinzi wa nywila kwa vitu vya kushea umezimwa, na Everyone amepewa Full Control. Ping inajibu. Firewall nimeizima kwa majaribio, hali ni ile ile.

#2 nyuzi_nane

Washa firewall kwanza, haihusiki. Kisanduku cha nywila kikitokea, ujue laptop imeshafika kwenye mashine fulani kupitia bandari 445 na mashine hiyo imeijibu. Firewall ingekuwa inazuia ungeona kosa 53, njia ya mtandao haijapatikana.

Pili, acha kubofya kwenye Explorer. Nywila ikiwa mbaya inaleta kisanduku. Ruhusa za folda zikikataa, kisanduku. Akaunti ikiwa imefungwa, kisanduku hicho hicho. Ndiyo maana watu wanaandika nywila mara kumi wakati tatizo si nywila. Fungua CMD ya kawaida, usiifungue kama Administrator, kwa sababu drive inayoungwa kwenye CMD ya Administrator kwa kawaida haionekani kwenye Explorer ya mtumiaji. Andika:

`whoami`
`net use`
`cmdkey /list`
`dir \\OFISI-PC1\Hesabu`

`dir` haiulizi jina wala nywila. Inajaribu kwa kile Windows ilichonacho na kukupa sababu ikikataa. Ukitaka namba ya kosa, taja jina mwenyewe:

`net use \\OFISI-PC1\Hesabu * /user:OFISI-PC1\jina`

Ile nyota inafanya nywila iulizwe bila kuonekana kwenye skrini. Namba utakayopata ndiyo ya kufanyia kazi. 1326 au 86 ni jina au nywila. 5 ni ruhusa, yaani umetambulika lakini huruhusiwi. 1219 ni kwamba mashine hiyo tayari imeunganishwa na seva ile ile kwa jina jingine. 1327 mara nyingi ni akaunti isiyo na nywila. 1909 ni akaunti iliyofungwa kwa kukosea mara nyingi. 1272 ni hiyo ya mgeni uliyoipata kwenye B. Ukikutana na namba nyingine, `net helpmsg` ikifuatwa na namba itakutafsiria.

Leta majibu ya zote tatu.

#3 bandari_ndogo

Shukrani mkuu.

A: whoami ni `laptop-a\admin`. dir inasema jina au nywila si sahihi. cmdkey haina kitu kinachohusu OFISI-PC1.

B: whoami ni `laptop-b\neema`. dir inatoa ujumbe ule ule wa mgeni.

C: net use inaonyesha Z: imeungwa kwenda `\\192.168.1.20\Hesabu`, hali yake ni Unavailable. dir kwa jina la OFISI-PC1 inatoa ujumbe wa mgeni kama B. dir kwa IP inasema jina au nywila si sahihi.

#4 kebo_ya_bluu

C nimeshaiona. Jina linajibu hivi, namba inajibu vile, basi hizo ni mashine mbili. Piga:

`nbtstat -A 192.168.1.20`

Uone jina linalorudi.

#5 bandari_ndogo

Duh. Linarudi jina la kompyuta ya mapokezi.

#6 kebo_ya_bluu

Ndiyo hivyo. Ruta inagawa IP kwa DHCP, umeme ulipokatika na kurudi kila mashine ikaomba upya, mapokezi ikawahi .20. Laptop C inagonga mlango wa jirani na jirani anauliza wewe nani. Ingia kwenye ruta, tenga IP kwa MAC (namba ya kadi ya mtandao) ya OFISI-PC1, au ipe IP ya kudumu iliyo nje ya masafa ya DHCP. Kisha futa Z: ya zamani na uiunge upya kwa jina la kompyuta, usitumie namba:

`net use Z: /delete`

#7 nyuzi_nane

Sasa A na B, ambazo mzizi wake ni mmoja.

Unapofungua folda ya mashine nyingine kwenye workgroup, Windows haianzi kwa kukuuliza. Inajaribu kwanza kimya kimya kutumia jina na nywila ulizoingilia asubuhi. OFISI-PC1 inatazama orodha yake ya akaunti, na hapo kuna njia tatu.

Jina lipo na nywila inalingana: unaingia, huoni chochote.

Jina halipo kabisa, na akaunti ya mgeni imeruhusiwa: unapokelewa kama mgeni. Hivi ndivyo kompyuta zako za zamani zinavyoingia. Neema hayupo OFISI-PC1, kwa hiyo naye anapelekwa kwenye mgeni, ila Windows 11 Pro 24H2 upande wake inakataa kupokelewa hivyo. Matoleo ya Enterprise na Education yalianza kukataa tangu Windows 10 1709; kwa Pro mabadiliko yamekuja na 24H2. Hiyo "taasisi" ni mpangilio wa kiwandani tu.

Jina lipo lakini nywila ni tofauti: hapo hupelekwi kwa mgeni, unakataliwa, na kisanduku kinatokea. Hii ni A. Nakuhakikishia OFISI-PC1 nayo ina akaunti inayoitwa Admin. Mafundi wengi wakipiga Windows hutumia jina hilo hilo kila mashine, nywila kila mtu anaweka yake. Matokeo yake mtu mwenye jina geni anaingia, na Admin anazuiwa.

PIN usiiandike kamwe kwenye kisanduku hicho. PIN ya Windows Hello inafungua mashine ile moja tu iliyowekwa, haisafiri kwenye mtandao. Na nywila ya mwenye laptop nayo haina maana hapo. Kinachoulizwa ni jina na nywila ya akaunti iliyopo kwenye mashine yenye folda.

#8 mtaa_wa_saba

Mnamzungusha bure mwenzetu. Fungua PowerShell kama Administrator kwenye laptop, mistari miwili tu:

`Set-SmbClientConfiguration -EnableInsecureGuestLogons $true`
`Set-SmbClientConfiguration -RequireSecuritySignature $false`

Umemaliza. Kazi iendelee.

#9 nyuzi_nane

Hiyo itafungua B, sikatai. A haitaguswa, kwa sababu jina Admin bado lipo kule na nywila bado hazilingani.

Na tuseme wazi inachofanya. 24H2 inadai kila pakiti ya SMB (lugha ambayo Windows hutumia kushea folda) iwe na saini. Saini inatengenezwa kutokana na ufunguo unaozaliwa wakati wa kuingia kwa nywila. Mgeni hana nywila, hana ufunguo, kwa hiyo hakuna saini wala usimbaji. Ndiyo maana unalazimika kuzima vyote viwili; ukiruhusu mgeni peke yake utakwama kwenye 0xC000A000, saini batili. Baada ya hapo laptop hiyo itakuwa tayari kuunganishwa bila saini na seva yoyote, hata kwenye Wi-Fi ya hoteli.

Kuna na upande wa folda. Everyone, Full Control, bila nywila, ndani yake vitabu vya hesabu. Laptop moja ikinasa ransomware (virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia), hakuna kinachoizuia kuandika juu ya kila faili.

#10 mtaa_wa_saba

Sawa mkuu, ila watu wengine wana kifaa cha zamani kisichojua nywila. Wafanyeje?

#11 nyuzi_nane

Kwa kifaa cha namna hiyo tumia mistari yako, kwenye mashine moja inayokihitaji, siyo ofisi nzima. Kwa kesi hii OFISI-PC1 ni Windows 10, inajua nywila na inajua saini. Haina udhuru.

bandari_ndogo, fanya hivi kwenye OFISI-PC1, PowerShell kama Administrator:

`net user karani * /add`
`Set-LocalUser -Name karani -PasswordNeverExpires $true`

Mstari wa pili usiuache. Akaunti inayotengenezwa kwa net user inafuata ukomo wa nywila wa mashine, ambao kwa kawaida ni siku 42. Ofisi inafanya kazi vizuri mwezi mzima, halafu siku moja kila mtu anaombwa nywila na hakuna anayejua kwa nini.

Kisha bofya folda kwa kitufe cha kulia, Properties, kichupo cha Sharing, Advanced Sharing, Permissions. Ondoa Everyone, weka karani, mpe Change na Read. Halafu nenda kichupo cha Security, mpe karani Modify. Ni milango miwili, na inayobana zaidi ndiyo inayoshinda. Ukimpa Full Control kwenye Sharing na ukamsahau kwenye Security, atapata kosa 5, na Explorer itaonyesha kisanduku cha nywila kama kawaida yake.

Ukishamaliza, washa ulinzi wa nywila: Control Panel, Network and Sharing Center, Change advanced sharing settings, sehemu ya All Networks iliyo chini kabisa.

Kwenye kila laptop, CMD ya kawaida:

`cmdkey /add:OFISI-PC1 /user:OFISI-PC1\karani /pass`
`net use Z: \\OFISI-PC1\Hesabu /persistent:yes`

cmdkey itakuuliza nywila na kuitunza kwenye Credential Manager. Angalia jina: OFISI-PC1\karani, kwa urefu wake. Usiandike `.\karani`, maana ile nukta ni mashine uliyokalia wewe, siyo yenye folda. Na kilichotunzwa kwa jina OFISI-PC1 hakitumiki ukifungua `\\192.168.1.20`. Kwa Windows hizo ni seva mbili, hata kama sanduku ni moja.

#12 dada_wa_mtandao

Niongeze kuhusu akaunti za Microsoft, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea zaidi.

Mashine yenye folda ikiwa mwenyewe anaingia kwa barua pepe, jina la kuandika ni barua pepe yote, siyo lile jina la herufi tano linaloonekana kwenye C:\Users. Nywila ni ya akaunti ya Microsoft. Kuna mtego: kama huyo mtu anaingia kwa PIN tu tangu siku ya kwanza, au alibadilisha nywila kupitia simu, mashine yenyewe inaweza kuwa haina nywila mpya. Aingie mara moja kwenye mashine hiyo kwa nywila kamili, kisha ujaribu tena. Na kama akaunti imewekwa iwe bila nywila kabisa, hapo hakuna kitu cha kuandika. Tengeneza akaunti ya ndani kama ya karani hapo juu.

Mimi napendekeza akaunti ya ndani hata pale barua pepe inapofanya kazi. Hakuna sababu ya nywila ya barua pepe ya bosi kukaa kwenye laptop sita.

#13 bandari_ndogo

A na B zimeingia, C nimeiunga upya kwa jina na IP nimeitenga kwenye ruta. Lakini baada ya kuwasha ulinzi wa nywila, zile kompyuta za zamani ambazo hazikuwa na shida nazo zinaomba. Moja ikikubali cmdkey bado inasema 1219.

#14 kebo_ya_bluu

Hilo lilitegemewa. Zilikuwa zinaingia kama mgeni, na sasa mgeni hapokelewi tena. Kila moja inataka cmdkey yake.

1219: Windows haikuruhusu kuwa watu wawili kwa seva moja kwa wakati mmoja, na mashine hiyo bado imeshika muunganisho wa zamani. Piga `net use`, kila mstari wenye OFISI-PC1 ufute, pamoja na ule wa IPC$ ambao watu huuruka:

`net use \\OFISI-PC1\IPC$ /delete`

Ikigoma, toka kwenye akaunti kwa Sign out na uingie tena. Kuna wanaokwepa 1219 kwa kuunga mara moja kwa jina na mara nyingine kwa IP. Inakubali, ila ukija kutafuta tatizo baadaye utajuta.

#15 fundi_wa_ghorofa

Angalieni na kibodi. Laptop za mtumba zinazotoka Uingereza zina mpangilio wa UK, nyingine zimewekewa Windows ya mpangilio wa US juu ya kibodi ya UK. Shift na 2 kwenye US inatoa @, kwenye UK inatoa alama ya kunukuu. Shift na 3 ni # upande mmoja, £ upande wa pili. Nywila kama Hesabu@2025 inaandikwa "sahihi" na inakataliwa milele, maana unaona nukta nyeusi tu. Iandike kwanza kwenye sehemu ya jina la mtumiaji uione kwa macho, kisha ifute.

Caps Lock nadhani kila mtu anaijua.

#16 nyuzi_nane

Hiyo nzuri, na ni rahisi kuithibitisha upande wa seva. Windows 10 za kabla ya toleo la 1809 kwa kawaida hazirekodi kushindwa kuingia; za baadaye na Windows 11 zinarekodi. Ili kuwa na uhakika, washa kwenye OFISI-PC1:

`auditpol /set /subcategory:"Logon" /failure:enable`

Jaribu tena kutoka kwenye laptop, kisha Event Viewer, Windows Logs, Security, tafuta tukio 4625 lenye Logon Type 3. Ndani kuna Sub Status, na hiyo ndiyo inayosema ukweli ambao kisanduku kinauficha:

0xC0000064, jina halipo kwenye mashine hii.
0xC000006A, jina lipo, nywila ni mbaya.
0xC0000071, nywila imekwisha muda.
0xC0000072, akaunti imezimwa.
0xC0000234, akaunti imefungwa.
0xC000015B, mtu huyu hana haki ya kuingia kupitia mtandao.

Tukio hilo linataja pia jina lililotumwa na mashine iliyotuma. Mara nyingi utakuta jina lililotumwa silo ulilodhani umeandika. Kama 4625 haipo kabisa, maana yake laptop imekataa yenyewe kabla ya kufika hatua hiyo, au unagonga mashine nyingine kama ilivyokuwa kwa C. Hapo angalia kumbukumbu za laptop:

`Get-WinEvent -LogName "Microsoft-Windows-SmbClient/Security" -MaxEvents 10`

Tukio 31017 ni laptop kukataa kuingia kama mgeni.

#17 skana_yangu

Wakuu, naomba niingize swali kwenye uzi huu huu. Mashine ya fotokopi inayoskani kwenda kwenye folda. Kompyuta imebadilishwa kutoka Windows 10 kwenda 11 24H2, jina na nywila ni vile vile, sasa fotokopi inasema imeshindwa kuingia.

#18 dada_wa_mtandao

Sababu zinaweza kuwa mbili, na namna ya kuzitofautisha ni kujua fotokopi inatumia SMB ipi.

Kama inajua SMB1 tu, Windows haiji nayo tangu toleo la 1709. Usiirudishe. Hilo ndilo tundu ambalo WannaCry ilipitia Mei 2017. Tafuta firmware mpya ya mashine; kama haipo, tumia skani kwenda FTP au barua pepe.

Kama inajua SMB2 lakini haijui saini, ujue 24H2 Pro inadai saini hata kwa wanaoingia kwake. Kwanza tafuta kwenye menyu ya fotokopi sehemu ya SMB signing uiwashe. Ikikosekana, kwenye kompyuta hiyo moja tu:

`Set-SmbServerConfiguration -RequireSecuritySignature $false`

Hiyo haifungui mlango kwa mgeni, nywila bado inadaiwa.

Jambo la kuangalia baadaye: siku ukibadilisha nywila ya akaunti hiyo, badilisha na kwenye fotokopi. Windows 11 iliyowekwa upya kuanzia 22H2 inafunga akaunti ya ndani kwa dakika 10 baada ya kukosea mara 10. Fotokopi inajaribu tena na tena kwa nywila ya zamani, akaunti inafungwa, na watu wote wanaotumia akaunti hiyo wanaombwa nywila. Baada ya dakika 10 inafunguka yenyewe, halafu inafungwa tena. Ukiona tatizo linalokuja na kuondoka bila mpangilio, tafuta 0xC0000234 na uone ni IP gani inayogonga.

#19 pengwini_wa_pwani

Wenye folda kwenye Linux, nywila ya Samba (programu ya kushea folda kwenye Linux) si ile ya kuingilia Linux. Zipo mbali mbali. Mtumiaji lazima aongezwe:

`sudo smbpasswd -a karani`
`sudo pdbedit -L`

Ya pili inaorodhesha wanaojulikana na Samba. Kama karani hayumo, basi. Na angalia kwenye smb.conf kama kuna `map to guest = bad user`, ambayo inakuja hivyo kwenye Debian na Ubuntu. Mtu ambaye Samba haimjui anageuzwa mgeni badala ya kukataliwa, Windows 11 inakataa ugeni, na unapata ujumbe wa sera za taasisi wakati kosa lako ni kukosea herufi moja ya jina. Weka `map to guest = never` wakati wa kutafuta tatizo, fanya `testparm -s`, anzisha smbd upya, kisha jaribu hapo hapo kwenye seva:

`smbclient //localhost/hesabu -U karani`

NT_STATUS_LOGON_FAILURE ni jina au nywila. NT_STATUS_ACCESS_DENIED ni ruhusa. Hapo angalia folda za juu pia, maana /srv/hesabu ikiwa wazi lakini /srv haina x kwa mtumiaji huyo, hapiti. NAS (visanduku vya diski vya kuunga kwenye mtandao) nyingi za dukani ndani yake ni Samba hii hii, kwa hiyo mantiki haibadiliki: tengeneza mtumiaji, mpe folda, na toleo la chini kabisa liwe SMB2.

#20 kituo_cha_kati

Uzi mzuri, ila kwetu zote hizo zimeshapita. Kompyuta 12, zote Windows 11 24H2 Pro, akaunti ya ndani ipo, nywila sahihi, IP za kudumu. Zinaingia kwenye NAS vizuri kabisa. Zenyewe kwa zenyewe zinaombana nywila na kukataa, hata Remote Desktop inakataa nywila ile ile. Ilianza baada ya masasisho ya Septemba 2025. Kuondoa sasisho kunarudisha hali.

#21 nyuzi_nane

Zilipigwa Windows moja moja, au diski moja ilinakiliwa kwenda nyingine?

#22 kituo_cha_kati

Imeji moja, ikamwagwa zote.

#23 nyuzi_nane

Na sysprep (zana ya Windows ya kufuta utambulisho wa mashine kabla ya kunakili) haikufanywa. Kwenye mashine mbili zozote piga PowerShell:

`Get-LocalUser | Select Name,SID`

Tazama akaunti ya Administrator, SID yake (namba ya utambulisho) inaishia na -500. Namba zote zilizo kabla ya -500 ni utambulisho wa mashine. Zikilingana kwenye mashine mbili, umepata jibu.

Kwa miaka mingi SID iliyorudiwa haikusumbua mtu kwenye workgroup. Masasisho ya 24H2, 25H2 na Server 2025 yaliyotoka kuanzia 29 Agosti 2025 yameongeza ukaguzi wa SID wakati wa kuthibitisha, kwa Kerberos na NTLM zote (njia mbili za Windows za kuthibitisha anayeingia). Mashine ikiona anayeingia ana SID kama yake, inakataa, na kwako inaonekana kama nywila mbaya. Inaingia kwenye NAS kwa sababu NAS haina SID hiyo. Kwenye System ya Event Viewer tafuta LsaSrv tukio 6167, linataja kutolingana kwa utambulisho wa mashine.

Kuondoa sasisho si dawa, litarudi na la mwezi unaofuata. Microsoft ina sera maalumu ya muda inayotolewa na kitengo chao cha msaada, lakini suluhisho lenyewe ni kila mashine kupata SID yake. Yaani Windows kuwekwa upya, au imeji kutengenezwa upya na kufungwa kwa:

`sysprep /generalize /oobe /shutdown`

kabla ya kunakiliwa. Programu zinazodai kubadilisha SID kwenye mashine inayotumika, achana nazo; Microsoft haiungi mkono njia hiyo.

#24 kituo_cha_kati

SID ni moja, zote 12. Sasa swali: lazima zote 12 ziwekwe upya?

#25 nyuzi_nane

Kumi na moja. Moja inaweza kubaki na SID iliyopo. Na kama haraka ni kufungua mafaili tu, weka upya kwanza ile yenye folda za kushea. Ikishapata SID tofauti, nyingine zote zitaingia kwake, na zilizobaki utazifanya polepole. Remote Desktop kati ya zile ambazo bado zinafanana itaendelea kukataa mpaka zamu yake ifike.

#26 domeni_kubwa

Kwa wenye domeni wanaosoma: kabla ya yote tazama saa. Kerberos inavumilia tofauti ya dakika 5 tu kati ya kompyuta na seva. Desktop ambayo ile betri ya duara ya CR2032 kwenye ubao mama imekufa, kila umeme ukikatika inaamka na tarehe ya miaka ya nyuma. `w32tm /query /status` kuona inachukua saa wapi, `w32tm /resync` kuirekebisha, `klist purge` kufuta tiketi za zamani, halafu ununue betri. Na fungueni folda kwa jina la seva. Kwa IP Kerberos kwa kawaida haitumiki, inashuka kwenye NTLM, na pale NTLM ilipozuiwa kisanduku kitatokea hata saa ikiwa sahihi.

#27 bandari_ndogo

Zote saba zinaingia sasa. La mwisho: programu ya uhasibu kwenye laptop B haiioni Z:, inasema njia haipo, lakini Explorer inaiona.

#28 kebo_ya_bluu

Programu hiyo inafunguliwa kama Administrator. Zima hilo kwenye Properties ya njia yake ya mkato, kichupo cha Compatibility. Kama lazima iwe hivyo, ielekeze kwenye `\\OFISI-PC1\Hesabu` badala ya Z:. Ikiwa haikubali njia ya namna hiyo, fungua Registry Editor, weka DWORD inayoitwa EnableLinkedConnections yenye thamani 1 hapa, kisha uwashe mashine upya:

`HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System`